Mnavu wenye matunda ya chungwa: je, ni spishi mpya?

Swali: "Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa baiolojia huku Lushoto. Nyuma ya shule, pale mashamba yanapopakana na msitu, wanafunzi wangu wameona mnavu ambao matunda yake yakiiva hayawi meusi bali ya rangi ya chungwa, na shina lake lina vinyweleo vinavyonata mkononi. Nimepekua vitabu vya shule sikuupata. Je, inawezekana ni spishi mpya? Tukitaka kuutangaza tunaanzia wapi? Na je, inaruhusiwa kuupa jina la bibi mmoja wa kijijini aliyetuonyesha?"

Marahaba, Mwalimu. Nimesoma barua yako mara mbili, na nimefurahi zaidi kwa kile kipande cha vinyweleo vinavyonata. Wengi wanaoniandikia hunipa rangi ya tunda na kuishia hapo. Ninyi mliushika mmea, na jibu langu linaanzia hapo mlipogusa.

Nikuambie ukweli mapema ili usikae na hamu bure: kwa maelezo uliyonipa, mmea wenu karibu hakika ni Solanum villosum. Si mpya. Una jina tangu karne ya 18, na unaota kuanzia Ulaya ya kusini hadi kwenye nyanda zetu za juu. Tunda lake huiva njano, chungwa au jekundu, na mara nyingi ni refu kidogo kuliko upana wake. Ukilishika dhidi ya jua utaziona mbegu ndani yake kama vivuli. Umbo lenye vinyweleo vinavyonata ni mojawapo ya sura zake mbili. Sura ya pili ina vinyweleo vichache na shina lenye pembe, na wapo wataalamu wanaozitenga kuwa nususpishi mbili. Kwa hiyo hata mkikuta mwingine jirani yake usionata, msikimbilie kusema mmepata wa pili.

Nimesema "karibu hakika" kwa sababu sijauona. Na hapo ndipo ilipo kazi yenyewe uliyoniuliza, kwa hiyo nitaieleza kwa kirefu, maana hata kama safari hii si mpya, nyuma ya shule yako kuna msitu wa Usambara, na siku moja itakuwa kweli.

Familia ya mnavu ina spishi zipatazo 2,700 duniani. Nyanya, viazi mviringo, biringani, pilipili, tumbaku, nyanya chungu na ndulele wote ni ndugu humo. Karibu nusu ya spishi hizo zimo katika jenasi moja tu, Solanum, yenye zaidi ya spishi 1,200. Maana yake ni kwamba mtu anaposema "huu ni mpya" anadai kitu kizito: kwamba ameulinganisha na jamaa zake wote wanaoweza kufanana nao, pamoja na majina yote yaliyowahi kutolewa na kusahaulika, na hakuna unaolingana nao. Upya wa mmea hauonekani kwa macho porini. Hupatikana mezani, kwa kulinganisha, na mara nyingi huchukua miaka.

Kundi la mnavu ni gumu kuliko mengi. Jani la mmea mmoja likikua kivulini huwa pana na laini, likikua juani huwa dogo lenye meno pembeni. Mnavu wa matunda makubwa meusi yanayong'aa kwa zambarau, ule unaolimwa kwa ajili ya mboga na ambao Wakenya wanauita managu, ni Solanum scabrum. Ule wa porini wenye vitunda vidogo vyeusi vinavyometameta, ambao sepali zake (vile vijani vidogo vinavyoshika tunda) zimejikunja nyuma kabisa, ni Solanum americanum. Uko na Solanum tarderemotum, na wengine kadhaa. Kwa mpita njia wote ni mnavu. Ukihesabu kromosomu ndipo unaona walivyo mbali: americanum anazo 24, villosum 48, scabrum 72. Mwaka 2018 Tiina Särkinen, Sandra Knapp na wenzao walichapisha mapitio ya mnavu wote wa Dunia ya Kale, yaani mabara yaliyo nje ya Amerika, kazi inayosomwa bure mtandaoni. Kabla yake, kulinganisha mnavu mmoja wa Tanzania ilikuwa kuzama katika mamia ya majina ya Kilatini yaliyotolewa na watu ambao wengi wao hawakuwahi kukanyaga huku.

Hili la majina ya zamani linatugusa sisi moja kwa moja. Wakati wa ukoloni wa Wajerumani, mimea iliyokusanywa Usambara, Kilimanjaro na Uhehe ilipelekwa Berlin. Wataalamu wa Kijerumani Udo Dammer, na baadaye Georg Bitter, waliitolea majina mengi ya Solanum, mara nyingine kwa kutazama tawi moja tu. Mwezi Machi 1943 jengo la mimea mikavu la Berlin lilipigwa bomu likaungua. Jina lilibaki kwenye karatasi, lakini mmea uliolibeba ukawa majivu. Tangu hapo mtaksonomia, yaani mtaalamu wa kuainisha viumbe, anayeshughulika na mimea yetu hulazimika kutafuta kama kipande cha tawi lile lile kilipelekwa mji mwingine, ili ajue jina linahusu nini. Ndulele ni mfano mzuri. Kwa miaka mingi karibu kila ndulele wa Afrika Mashariki aliandikwa Solanum incanum. Kazi ya Maria Vorontsova na Knapp juu ya Solanum zenye miiba za Afrika ilionyesha kwamba wengi wao ni Solanum campylacanthum, jina ambalo lilikuwapo zamani likawa limefunikwa. Hakuna mmea mpya uliogunduliwa hapo, lakini kwangu kazi ya namna hiyo ina thamani sawa na ugunduzi, kwa kuwa mtafiti wa dawa au wa biringani sasa anajua ana mmea gani mkononi.

Sasa niseme kuhusu wapi spishi mpya hupatikana, maana watu wengi hudhani ni msituni tu. Mwaka 2010 ulitoka utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 16 tu ya spishi mpya za mimea hutangazwa ndani ya miaka mitano tangu kukusanywa. Takriban robo hutangazwa kutokana na sampuli zenye umri wa zaidi ya miaka 50. Yaani mtu aliukata, akaukausha, akauweka kabatini, akafa, na mjukuu wa rika lake ndiye aliyeufungua akashtuka. Nimewahi kufungua jalada kama hilo. Juu yake pameandikwa kwa penseli "Solanum sp.", yaani Solanum fulani isiyojulikana, na ndani mna tawi la rangi ya kahawia na vifuko vya chavua bado vya njano hafifu. Ukiangalia kwa lenzi unaona vinyweleo vyenye umbo la nyota vimelala kama vilivyolala siku ile alipokatwa. Hapo ndipo unapoelewa kwa nini tunakusanya hata kile tusichokijua.

Mifano ya kwetu ipo. Mwaka 2012 Mkabwa Manoko, mwanabotania Mtanzania, alitangaza Solanum umalilaense, mnavu ambao jina lake linatokana na Umalila, Mbeya. Ulikuwa mmea wa nyanda ambazo watu wamelima kwa vizazi. Miaka miwili kabla yake Vorontsova, akiandika pamoja na Frank Mbago wa hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitangaza Solanum ruvu kutoka msitu wa Ruvu, Tanzania, na Solanum agnewiorum wa Kenya. Kichwa cha makala yao kilisema wazi kwamba spishi hizo mpya huenda tayari zimetoweka. Soma sentensi hiyo tena, Mwalimu. Mmea unapata jina lake kwa mara ya kwanza, na ndani ya karatasi ile ile unaombolezwa. Ndiyo maana sipendi kusikia mtu akisema kazi hii ni ya kustarehesha wasomi.

Sasa tuje kwenye namna ya kufanya.

Kitu cha kwanza ni sampuli. Picha ya simu ni nzuri na inasaidia, lakini kwa kanuni zinazotawala majina ya mimea, jina jipya lazima lishikwe na mmea halisi mmoja, uliokaushwa na kuhifadhiwa mahali panapojulikana. Huo huitwa holotaipu. Kutaja kielelezo cha jina kumekuwa lazima kwa majina yote yaliyotolewa kuanzia mwaka 1958. Ukikata tawi, hakikisha lina ua, tunda bichi na tunda bivu kwa pamoja ikiwezekana, na jani la chini pamoja na la juu. Litandaze ndani ya gazeti, pindua jani moja ili upande wa chini uonekane, libane kati ya mbao mbili kwa kamba au mkanda, na badilisha magazeti kila siku mpaka likauke. Lushoto kuna unyevu. Usiposimamia hilo, ukungu utafika kabla yako. Kata matawi matatu au manne ya mmea huo huo, yote yabebe namba moja, ili nakala ziende hebaria tofauti. Berlin imetufunza hilo. Na weka majani machache ndani ya mfuko wenye silika jeli, vile vipunje vinavyonyonya unyevu, yakauke haraka, kwa ajili ya vinasaba.

Kisha andika. Tunda la familia hii likikauka hupoteza rangi, umbo na ladha yote ya habari. Niliwahi kurudi kutoka safari ya wiki mbili nikiwa na Solanum safi kabisa, matunda yamepasuka ndani ya gazeti, na katika daftari sikuandika yalikuwa na rangi gani. Mahali pale palikuwa pamefyekwa niliporudi. Sampuli ile ipo mpaka leo na haimsaidii mtu yeyote kuamua jambo. Kwa hiyo andika hapo hapo, mmea ukiwa bado mbele yako: rangi ya tunda bichi na bivu, kama linang'aa au limefifia, kikonyo chake kimesimama au kimeinama, sepali zimekumbatia tunda au zimejikunja nyuma, ua lina rangi gani na katikati yake kuna nyota ya kijani au hakuna. Pima urefu wa vifuko vya chavua. Kata tunda, hesabu mbegu, na angalia kama kuna vipunje vigumu vya duara vilivyo tofauti na mbegu, kwa sababu katika kundi la mnavu vipunje hivyo husaidia sana kutenganisha ndugu. Andika mwinuko, namba za GPS za simu yako, tarehe, aina ya udongo, na kama ni kivulini au juani.

Na andika jina la Kisambaa. Hilo nakusisitizia kama mtu binafsi, maana kanuni hazikulazimishi. Andika wazee wanauitaje, wanaula au hawauli, wanautofautisha vipi na mnavu wa shambani. Mara nyingi bibi wa kijijini ametenganisha spishi mbili miaka mingi kabla ya mtaksonomia. Lakini wanafunzi wasionje kitu chochote wasichokijua. Matunda mabichi ya mimea mingi ya familia hii huwa na sumu.

Pelekeni sampuli hiyo hebaria. Bahati yenu ni kubwa: Lushoto penyewe pana hebaria ya taasisi ya utafiti wa misitu, TAFORI. Kuna ya Arusha, ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na ile kubwa ya Nairobi, ambayo asili yake ni Amani, huko huko kwenu Usambara, kabla ya kuhamishiwa Nairobi mwaka 1950. Kukusanya ndani ya msitu wa hifadhi kunahitaji kibali cha wenye msitu, na utafiti rasmi nchini Tanzania hupitia COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Kenya tume ya namna hiyo ni NACOSTI. Sampuli ikienda nje ya nchi makaratasi huongezeka, na ni sawa iwe hivyo, ukikumbuka zile zilizoondoka bila kuulizwa. Kwa mmea wa pembeni ya shamba la shule, mwanzo ni kuongea na wenye hebaria hiyo ya jirani. Watakupokea.

Ikithibitika kwamba ni mpya, ndipo huja kuandika. Tangu 1935 hadi mwisho wa 2011 kila mmea mpya ulilazimika kuelezwa kwa Kilatini, na wengi wetu tulikaa usiku na kamusi. Kuanzia Januari 2012 unaweza kutumia Kilatini au Kiingereza, na makala inaweza kuchapishwa mtandaoni tu, mradi ni faili la PDF katika jarida au kitabu chenye namba rasmi ya kimataifa. Kiswahili hakijaruhusiwa kwa maelezo yale ya lazima, lakini hakuna kinachokuzuia kuongeza maelezo kamili ya Kiswahili chini yake. Ningependa kuona siku moja mnavu wa Usambara ukielezwa hivyo, na hebaria yako ya jirani ikitajwa kuwa ndiyo yenye holotaipu. Moyo wa makala ni sentensi chache zinazosema: mmea huu unafanana zaidi na ule, lakini unatofautiana nao kwa hili na hili. Kama huwezi kuandika sentensi hizo bila kusema "kwa kiasi fulani", bado hujawa tayari. Hata jina zuri linaweza kupingwa baadaye. Nyanya yenyewe Linnaeus aliiita Solanum lycopersicum mwaka 1753, Philip Miller akaihamishia jenasi nyingine, ikakaa huko zaidi ya karne mbili, na vinasaba vikairudisha kwa ndugu zake.

Kuhusu bibi yenu: ndiyo, inaruhusiwa kabisa. Kwa jina la mwanamke mmoja, sehemu ya pili huishia kwa -ae. Kwa mwanamume huwa -i au -ii. Kwa watu wengi -orum, kama lile agnewiorum lililotolewa kwa heshima ya akina Agnew waliochangia sana elimu ya maua ya Kenya. Kwa mahali huongezwa -ense, kwa kuwa Solanum katika Kilatini haina jinsia ya kiume wala ya kike. Ndiyo sababu ni umalilaense. Waweza pia kuliacha jina la mahali kama lilivyo bila kuligusa, kama ruvu. Mimi napenda hilo la mwisho, kwa sababu mtu wa Ruvu akilisoma hulitambua kuwa lake. Kitu kisichofaa ni kujipa jina lako mwenyewe. Hakuna kanuni inayokukataza, ila katika kazi hii hakuna anayefanya hivyo akaheshimika.

Na wanafunzi wako wana nafasi. Solanum ossicruentum wa Australia, aliyetangazwa mwaka 2016, alipewa jina baada ya Chris Martine wa Chuo Kikuu cha Bucknell kuwaomba wanafunzi wa darasa la saba huko Pennsylvania watoe mapendekezo. Tunda lake bichi likikatwa nyama yake hugeuka nyekundu kama damu, na likikomaa hukauka likawa gumu kama mfupa, basi watoto wakaunganisha mfupa na damu. Jina hilo halikutungwa na mtu aliyekaa ofisini akiwaza Kilatini. Lilitoka kwa watoto waliosikiliza mmea unafanya nini.

Basi fanya hivi. Rudini pale na darasa lako wiki hii kabla matunda hayajaanguka. Tafuteni mimea angalau kumi, si mmoja, muandike kwa kila mmoja kama shina linanata au halinati na tunda bivu lina rangi gani. Mkikuta kwamba kila anayenata ana chungwa na kila asiyenata ana nyeusi, mna villosum na jirani yake. Mkikuta anayenata mwenye tunda jeusi, au mwenye chungwa lakini sepali zake zimefunika tunda mpaka nusu, kaushieni huyo kwa uangalifu kuliko wote, mpelekeni hebaria ya hapo Lushoto, kisha uniandikie tena ukiwa na namba yake ya ukusanyaji mkononi.